Makopo Mawili ya Samaki Mfukoni

Tulsa, Oklahoma
2 Machi 2019

Kwa mjomba wangu mpendwa Hoyt,

Shikamoo mjomba. Natumai barua hii itakukuta salama na goti lako limetulia baada ya baridi ile. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kuinua wazee vitandani kutwa nzima.

Hii ni barua yangu ya tatu tangu tumzike Anti Oleta mwezi wa Novemba, na hujajibu hata moja. Kukupigia simu ni kazi bure, maana masikio yako uliyaacha kwenye uwanja wa shabaha zamani, na vile vifaa vya kusikia unavitunza kwenye droo kama vito vya harusi. Nilimpigia Burl kwenye duka lake la bunduki. Anasema unakwenda posta, unamwinulia kofia, unaondoka. Mjomba, mama hayupo, Anti hayupo, tumebaki mimi na wewe tu. Ukimya wako unanitia hofu, na nimeona niseme hivyo bila kuzunguka.

Sasa nina swali ambalo nadhani huwezi kulipita. Mwezi uliopita Marva, nesi mwenzangu, alinyang'anywa mkoba saa nne asubuhi nje ya nyumba ya mgonjwa. Watu wanadhani tunabeba dawa kali za maumivu. Kumbe mle mlikuwa na bandeji na sandwichi. Alisukumwa, akavunjika mkono. Mimi napita mitaa ile ile, peke yangu, siku tano kwa wiki.

Nataka bastola ndogo ya kubeba isionekane. Nina dola mia nne, basi. Jumamosi nilikwenda duka moja hapa. Nilipofungua mdomo tu, muuzaji akanitolea kibastola cha rangi ya waridi, kidogo kama kiberiti, akasema, "Hiki ndicho cha akina dada." Nikalipia kukijaribu uwanjani kwao. Risasi ya tatu nilitaka kulia. Kiganja kimevimba hadi leo. Mjomba, inakuwaje kitu kidogo hivyo kiumize kuliko kikubwa?

Nangoja jibu.

Mpwa wako,
Twyla


Sorrel Creek, Arkansas
9 Machi 2019

Mpwa wangu Twyla,

Marahaba. Goti liko pale pale. Mimi nipo.

Mwambie huyo muuzaji kwamba Hoyt Pruitt, aliyesimama nyuma ya kaunta ya Burl miaka thelathini na moja, anasema ni mjinga. Hilo ndilo kosa la makaunta yetu yote: akiingia mwanamke, wanaume wanampa kile kidogo kabisa, wakidhani mkono mdogo unataka kitu kidogo. Ni kinyume chake. Teke la bastola, yaani inavyorudi nyuma risasi ikitoka, lazima liende mahali. Bastola ikiwa nzito, chuma chenyewe kinalimeza sehemu. Ikiwa nyepesi, linakuja lote mkononi mwako. Kile cha waridi ni cha watu waliozoea, na hata wao hawakipendi.

Sasa unijibu kabla sijasema lolote. Mkono wako una urefu gani kutoka kiganjani hadi ncha ya kidole cha shahada? Sare yako ina mkanda, au ni suruali ya kamba? Wagonjwa wanakukumbatia? Unainama mara ngapi kwa siku? Kuna watoto kwenye nyumba hizo? Mwajiri wako anaruhusu? Kama haruhusu, itakaa wapi ukiwa ndani? Uko tayari kufanya mazoezi kila mwezi, au unataka kitu cha kukutuliza roho tu? Nauliza kwa uzito. Katika miaka yote ile, mtu aliyeniuliza maswali mia na kunichosha sikumwogopa. Niliyemwogopa ni yule anayeingia, haulizi bei, haulizi teke, anaonyesha kidole na kutaka boksi dogo la risasi. Huyo sikumuuzia. Nilimtengenezea kahawa, nikakaa naye mpaka aulize kitu, hata kama ni habari ya mvua.

Kazi yako ya nyumbani ni hii. Nunua makopo mawili ya samaki, yale bapa. Yafunge pamoja kwa utepe mweusi. Yatakuwa mepesi kidogo kuliko bastola, lakini unene unakaribia. Yabebe wiki mbili kila mahali, kazini, dukani, kanisani. Asiyeweza kubeba samaki wa kopo wiki mbili asipoteze pesa yake kwa bastola. Kisha uniandikie ulichojifunza.

Mimi yangu ni ile ya risasi tano, mfuko wa kulia, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Oleta alitia kiraka cha ngozi ndani ya mfuko wa kila suruali yangu ili usitoboke. Bado vipo, vyote.

Mjomba wako,
Hoyt


Tulsa
26 Machi 2019

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Je, u mzima? Unakula? Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama pale pale kwenye sanduku la barua, nikacheka hadi jirani akafungua dirisha. Mimi ni mzima, isipokuwa heshima yangu.

Siku ya kwanza niliyatia makopo kiunoni. Suruali ni ya kamba, mjomba. Nilipoinama kumvalisha Bwana Crittenden soksi zake za kubana mishipa, makopo na suruali vikashuka kwa pamoja. Mzee wa watu ana miaka themanini na tisa na mpira wa oksijeni puani. Akaniangalia, akasema, "Binti, kama chakula cha mchana kinakuaibisha hivyo, kula hapa hapa, sitamwambia mtu."

Siku ya nne nikayahamishia kwenye mkoba wa kazi. Mjukuu wa mgonjwa, ana miaka minne, aliyatoa kabla sijamaliza kunawa mikono. Aliyaweka mezani akataka mkate. Nilicheka mbele yao, lakini nilipofika kwenye gari niliyatoa mkobani. Ingekuwa yale siyo makopo?

Halafu nikajiuliza jambo ambalo ningepaswa kujiuliza mwanzo. Wezi wanataka mkoba. Kwa hiyo nikiweka bastola kwenye mkoba, nitakuwa nimewapa wao?

Nikanunua mkanda mpana wa kitambaa unaovaliwa chini ya sare, wenye mfuko wake. Huo umekubali. Nimeinama, nimekumbatiwa, nimemwinua mama wa kilo mia. Hakuna aliyejua, ila chini ya mbavu pana alama nyekundu.

Mwajiri anakataza ndani ya nyumba za wagonjwa. Mkono wangu ni inchi saba. Mazoezi nitafanya. Swali langu: zile bapa za milimita tisa nilizojaribu, kile chuma cha juu nashindwa kukivuta nyuma, kigumu kama mlango wa ghala. Ni mimi dhaifu, au kuna zilizo laini? Na je, ya silinda ya kuzunguka kama yako inanifaa?

Mpwa wako mwenye alama ya samaki,
Twyla


Sorrel Creek
3 Aprili 2019

Mpwa wangu,

Marahaba. Ninakula maharage na mkate wa mahindi. Matunda ya pichi aliyosindika Oleta yamebaki chupa kumi na moja. Nafungua moja kila Jumapili.

Barua yako nimemsomea Burl dukani. Ndiyo, nilikwenda. Alicheka mpaka akakaa chini. Anataka kujua kama Bwana Crittenden ana dada ambaye hajaolewa.

Wewe si dhaifu. Usivute kile chuma kama unafungua droo. Kishike kwa kiganja kizima, bastola iwe karibu na kifua na mdomo wake uangalie mahali salama, halafu sukuma mkono wa chini mbele badala ya kuvuta wa juu nyuma. Jaribu tena. Kuna pia zilizotengenezwa ziwe laini, kubwa kidogo kuliko zile, na teke lake ni la kiungwana. Ya kuzunguka kama yangu haina cha kuvuta wala haikwami ovyo, lakini triga yake ni nzito na inabeba tano tu. Vidole vyako vinachoka jioni? Nesi anatumia mikono kuliko seremala.

Na mia nne zako si za bastola. Ni za bastola iliyotumika, ala yake, kisanduku cha chuma cha kufungia kwenye gari, risasi za mazoezi na siku moja ya mafunzo. Ukinunua mpya ya mia nne utabaki nayo kwenye droo hujui hata inavyopiga. Nenda na kitambaa cheupe ukipitishe ndani ya mtutu. Angalia kama skrubu zimechezewa, na muulize anayeiuza kwa nini anaiuza. Akibabaika, je, utaondoka? Nataka uniahidi utaondoka.

Kuhusu bastola kufungiwa ndani ya gari, nimekumbuka kabati la nyuma dukani. Umewahi kuliona? Mtu akifiwa, akiachwa, akiwa na siku mbaya, rafiki yake anamleta na bunduki zake. Tunazifunga, tunaandika jina kwenye kadi, hatulipishi, hatuhoji. Akipata nafuu anarudi kuchukua. Kuna moja ya jirani yangu ilikaa miaka mitatu. Alipokuja kuichukua alikuwa na mke mpya na keki ya kunishukuru. Nani anakujua hivyo huko mjini kwenu? Mnafanyaje?

Niambie vidole.

Mjomba wako,
Hoyt


Tulsa
22 Aprili 2019

Mjomba,

Shikamoo, natumai hujambo. Nimevuta kile chuma! Kwa njia yako, mara kumi mfululizo, hadi kijana wa uwanjani akaniuliza nimefundishwa na nani. Nilimwambia mjomba wangu, bingwa wa Arkansas asiyesikia kitu. Vidole vinachoka, ndiyo, hasa kidole gumba. Hapa mjini hakuna kabati kama lenu, au mimi sijaliona. Nani alilianzisha?

Najua tarehe sita Mei ingekuwa miaka arobaini na nne ya ndoa yako na Anti. Nije? Nitaleta kambare na unga wa kukaangia. Nijibu upesi ili niombe ruhusa kazini.

Mpwa wako,
Twyla


Sorrel Creek
8 Mei 2019

Twyla,

Salamu. Barua yako niliipata. Usije, siku imeshapita, ni mbali na mafuta ni ghali.

Usinunue bastola. Nitampa Burl yangu akuandalie makaratasi, utaichukua dukani kwake. Imetunzwa vizuri na haitakusumbua. Mbwa nimempa jirani. Chupa za pichi zilizobaki nimezipeleka kanisani. Hati ya nyumba iko kwenye Biblia ya Oleta.

Umekuwa mpwa mwema kwangu. Mama yako angejivunia.

Hoyt


Sorrel Creek, mezani kwako jikoni
12 Mei 2019, Jumapili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Umelala kwenye kiti na sitaki kukuamsha. Burl atabaki, amekuja na mto wake. Mimi lazima nirudi, kesho wagonjwa wananingoja. Naandika kwa sababu jana nilisema mengi nikilia, na wewe hukuwa umevaa vifaa vya kusikia.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma mara moja nikashukuru, bastola ya bure. Nikaisoma tena nikiwa nachemsha maji, na nikazima jiko. Barua yako ya kwanza ilinihoji kama polisi wa barabarani. Ya pili vile vile, hadi habari za kabati. Hii haikuwa na swali hata moja, mjomba. Hukutaja hata vidole. Na bastola uliyoibeba miaka ishirini na mbili, kwenye mifuko aliyoishona Anti, unaitoa kama mwavuli. Ni wewe uliyenifundisha mtu wa namna gani wa kuogopwa kwenye kaunta. Nikampigia Burl usiku ule ule, akafunga duka akaja kukaa barazani kwako. Usimkasirikie. Alfajiri nikashika njia.

Nilichokuuliza jana nilipoingia ni hiki, na nakiandika ili kisipotee: nilikuuliza kama unataka kufa. Uliangalia midomo yangu, ukaelewa. Ulikwenda chumbani ukaniletea funguo zote za bunduki zako kwenye kamba yake, ukaziweka mkononi mwangu, ukakaa. Sijawahi kupewa kitu kizito hivyo.

Bunduki sita na bastola yako ziko kwenye kabati la nyuma. Kadi niliiandika mimi: HOYT PRUITT. Ile ya risasi tano sikuichukua kama zawadi. Ni yako, inakungoja. Funguo anazo Burl.

Jumanne saa tatu anakupeleka kwa daktari. Uvae vifaa vyako. Umwambie daktari kila kitu, pamoja na Jumapili na pichi. Unikasirikie ukitaka, lakini unikasirikie ukiwa hai. Nakupenda sana, na siko tayari kuwa wa mwisho kwenye ukoo huu.

Kambare wawili wako kwenye friji.

Mpwa wako,
Twyla


Tulsa
16 Juni 2019

Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta unapata usingizi. Hii ni ya nne tangu ile niliyoiacha mezani kwako Mei na sijapata jibu. Burl ananiambia unakwenda kwa daktari kila wiki, na kwamba hunitaji. Sawa. Nitaendelea kuuliza.

Nimezipata mbili zilizotumika, zote bapa, zote za milimita tisa, bei karibu sawa. Moja ni nyembamba na nyepesi, inapotea kabisa chini ya sare. Nyingine ni nzito zaidi, ndefu kwa upana wa kidole, kile chuma kinavutika kama siagi, lakini inanifinya nikiinama. Siku ya mafunzo nimeshafanya. Kisanduku cha gari nimenunua. Mwenye duka ameniwekea zote mbili, nami nimemwambia sichagui mpaka mjomba wangu aseme.

Kwa hiyo natembea na samaki wangu hadi leo. Nichukue ipi?

Mpwa wako,
Twyla


Sorrel Creek
21 Julai 2019

Kwa mpwa wangu mpendwa Twyla,

Marahaba, marahaba kwa barua zote tano. Natumai u mzima na mgongo wako umepata nafuu. Mimi naendelea. Daktari amenipa vidonge na maneno, na vyote viwili ni vichungu, lakini nalala.

Nilikukasirikia wiki sita. Nilikuwa nimepanga mambo yangu vizuri, ukaja ukayavuruga kwa kambare. Nilimkasirikia Burl pia, hasa anavyokoroma, maana siku hizi vifaa vya kusikia navivaa. Ulichokiona kwenye barua yangu kilikuwa kweli. Siku ya kumbukumbu ya ndoa nilifungua chupa ya pichi nikaweka mabakuli mawili mezani, nikayaangalia mpaka jioni, nikaona sina tena kitu ninachotaka kujua duniani. Ndivyo ilivyokuwa. Nimemwambia daktari, nakwambia na wewe.

Sasa nikwambie la ajabu. Ile wiki ya kwanza nilikuwa natembea nimepinda. Miaka ishirini na mbili ya uzito upande wa kulia, halafu ghafla hakuna kitu. Mkono ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe na kukuta ngozi ya Oleta tu, laini, yenye nyuzi zake. Nilikuwa nasimama dukani nikiishika. Sikuwahi kuigusa hivyo kabla, kwa sababu bastola ilikuwa katikati. Ameishona mara mbili kila ukingo. Ulijua hilo?

Burl aliniuliza juzi kama nataka kadi yangu itolewe kabatini. Nikamwambia bado. Sijui lini. Nitajua nikifika. Lakini kutembea nimepinda kulinichosha, kwa hiyo nimenunua makopo mawili ya samaki nikayafunga kwa utepe mweusi. Yako mfukoni sasa hivi ninapoandika. Mama wa posta ameniuliza kama hiyo mfukoni ni furaha ya kumwona ama ni chakula, na nimecheka kweli.

Chukua ile nzito. Mkanda wa kufinya utabadilisha, kiganja hutabadilisha. Risasi hamsini kila mwezi, usiruke.

Nina maswali. Marva mkono wake umeunga? Bwana Crittenden bado yupo, na je, ana huyo dada? Kidole gumba chako kikichoka unakisugua na nini? Kambare wale uliwakaangia unga gani, mbona wangu hautoki hivyo? Mbwa wangu jirani amenirudishia bila kuombwa, nani alimwambia? Makopo yako ya samaki, tarehe imeshapita au bado yanalika? Na utakuja lini? Pichi zinaiva mwezi ujao, sijui kusindika, wala Oleta hakuandika mahali. Mama yako aliwahi kukufundisha?

Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Hoyt